Kenya Ni Wapi?

Sisi makapita wa mwaka wa sita tuko na neno moja mbele ya kuondoka.

Tulipokuwa mwaka wa kwanza hapa Mitwaba, mwenzetu alipokea barua: «Papa eko mugonjwa sana, tulimupeleka ku Kenya.» Akalia. Darasani tulijifunza Kenya ni inchi ya mbali, iliyopata uhuru mwaka 1963. Tukamwambia: «Hautafika.» Siku tatu hakula vizuri. Halafu mlinzi mzee akasikia, akasema: «Kenya ya Lubumbashi, mwana!» Kumbe ni moja ya komini 7 za muji ule. Akapanda kamyo kesho yake. Alimkuta baba yake angali hai, akakaa naye siku mbili, basi. Siku tatu zile tulimnyang'anya sisi.

Tangu pale tunauliza. Tanganyika ni ziwa. Ilikuwa inchi, ikaungana na Zanzibar mwaka 1964. Tangu 2015 ni provinsi jirani yetu. Hata Kampala kuko mtaa unaitwa Katanga, karibu na hospitali ya Mulago.

Wadogo zetu, jina ni moja, mahali ni pengi. Mbele ya kumjibu mwenzenu, mumuulize kwanza: «Ile ya wapi?»