UFUKO NI WETU, NA WANYAMA PIA

Ziwa Tanganyika limetupatia watu wa Kigoma ufuko mrefu. Sisi wa Kasingirima na Ujiji huteremka huko jioni kupunga upepo. Siku ya Idi ufuko hujaa watu. Watoto huogelea. Vijana hucheza mpira mchangani. Wazee hukaa na kuzungumza. Ziwa ni mali yetu sote.

Lakini ufuko una wenyeji wengine. Wako ndege, kenge na konokono. Upande wa kaskazini wako nyani na sokwe. Ndugu msomaji, leo tuzungumze jinsi ya kukaa nao vizuri.

UFUKO WA GOMBE

Ukitaka kuwaona nyani na sokwe, nenda Gombe. Panda mashua Kibirizi, hapa Kigoma. Utapita kijiji cha Mtanga, kisha utafika. Gombe ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Ni hifadhi ndogo, lakini inajulikana dunia nzima kwa ajili ya sokwe wake. Mwaka 1960 alifika huko Jane Goodall, mwanamke kutoka Uingereza, kuwachunguza. Alifariki mwaka 2025. Kazi aliyoianza ingali inaendelea.

Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Basi kwa nini tuwaachie wageni peke yao raha hii?

Mimi napenda kuwatazama nyani wa huko. Hushuka kutoka msituni mpaka mchangani. Mama hubeba mtoto mgongoni. Wadogo hukimbizana kama watoto wetu. Ukikaa kimya, utawatazama kwa muda mrefu.

USIMPE NYANI CHAKULA

Wako watu wanaomtupia nyani ndizi au mkate. Huo si wema. Nyani akizoea chakula cha watu, hangoji kupewa. Hunyang'anya. Huchukua hata dagaa walioanikwa. Nyani dume ana meno makali, naye anaweza kumjeruhi mtoto. Mwisho watu humwita mwizi na kumpiga. Nani aliyemfundisha wizi? Ni sisi.

MAGONJWA HUVUKA

Mwaka 1966 ugonjwa wa polio, yaani kupooza, uliwapata watu wa Kigoma. Kisha uliwapata sokwe wa Gombe. Baadhi yao walikufa. Wengine walipooza mikono au miguu. Jane Goodall na wenzake waliwapa sokwe chanjo. Waliitia ndani ya ndizi ili waile.

Mafua yetu pia huwapata sokwe, na yanaweza kuwaua. Kwa hiyo ukiwa na mafua au kikohozi, usiende kuwatazama. Ngoja upone. Ukienda, kaa mbali nao kama mwongozaji anavyokuambia. Usiteme mate. Usiache mabaki ya chakula.

Magonjwa huvuka pia kwa njia ya maji. Fikiri juu ya kichocho cha tumbo. Mgonjwa akijisaidia ufukoni, mayai ya kichocho huingia majini. Vijidudu vinavyotoka humo huingia ndani ya konokono na kuongezeka. Kisha hutoka tena na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua.

Katika miaka ya 1990 watafiti walieleza kuwa nyani wa Gombe nao wana kichocho hicho hicho. Nyani hana choo wala zahanati. Sisi tunavyo. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio iliwahimiza wachimbe vyoo. Somo hilo halijazeeka.

UFUKO HUANZIA KILIMANI

Watu huniuliza, "Bwana shamba, wewe na ufuko wapi na wapi?" Huwajibu kuwa ufuko huanzia kilimani.

Ukilima mteremko bila matuta, mvua huchukua udongo na kuupeleka ziwani. Udongo hufunika mawe ambamo samaki hutaga na kujificha. Wengi wa samaki hao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Hapo mkulima amepoteza rutuba, na mvuvi amepoteza samaki. Nyumba zote mbili zitalala njaa.

Basi, piga matuta yakinge mteremko. Acha miti kando ya mto. Acha matete ukingoni, kwa sababu samaki wadogo hujificha humo. Tena sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inatukataza kufanya shughuli za kudumu, au zinazoharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

TUFANYE NINI?

Tukienda ufukoni, tufanye haya:

1. Turudi nyumbani na takataka zetu, hasa chupa za plastiki na vipande vya nyavu.
2. Tutumie choo. Tusijisaidie mchangani wala majini.
3. Tusiwape wanyama chakula, wala tusiwatupie mawe.
4. Tuwafundishe watoto kutazama bila kushika.

Kazi hizi hazihitaji fedha. Kila mtu anaweza kuzianza kesho asubuhi. Ziwa hutupa maji, kitoweo na mahali pa kupumzika. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Sisi bado tunalihitaji ziwa hili, na watoto wetu watalihitaji zaidi.