Alama za kuuliza, na folda iliyojificha

Leo sina stori za kantini wala za hosteli. Nipo likizo Tukuyu, na nataka tuongee jambo linalowatesa wengi wanaoandika utafiti kwa LaTeX: lile faili la mtindo wa marejeo, lenye mwisho wa .bst, unaliweka wapi?

Jana alikuja dada mmoja tunayesoma naye, katoka Kiwira na laptopu kaifunga kwenye nailoni maana mvua za huku mnazijua. Kazi yake inatakiwa Jumatatu. Anaandika juu ya Wanyakyusa wa zamani. Tukafungua: kila palipotakiwa jina na mwaka pana alama ya kuuliza ndani ya mabano, na orodha ya marejeo haipo kabisa!

Msidhani ni urembo tu. Monica Wilson alitoa vitabu kadhaa juu ya Wanyakyusa, vikiwemo Good Company (1951), Rituals of Kinship among the Nyakyusa (1957) na Communal Rituals of the Nyakyusa (1959). Mumewe Godfrey Wilson naye aliandika juu ya watu haohao. Bila mwaka na jina kamili, msomaji atajuaje ni Wilson yupi? Na bila marejeo kabisa, msimamizi anaona maneno ya watu hayana mwenyewe. Hapo jina lake ni wizi.

"Kaka, wameniambia nifute yote nisakinishe upya," akasema. Nikamwambia dada, subiri kwanza. TeX Live nzima ni gigabaiti kadhaa, kwa bando la simu utalia.

Tukaanza na faili la .blg, ambalo BibTeX huandika kila inapofanya kazi. Limesema wazi: mtindo haukufunguka. Faili lenyewe lipo, limekaa kwenye Downloads. Shida ni kwamba BibTeX haizunguki kompyuta nzima kutafuta. Inaangalia folda ya kazi yako, kisha folda zake maalumu, basi.

Dawa ya haraka ni kuliweka pamoja na kazi yako. Ila yeye ana folda ya kila sura, hivyo tukatafuta makao ya kudumu. Kwenye dirisha la amri andika:

kpsewhich -var-value=TEXMFHOME

Itakutajia folda. Kwenye Linux mara nyingi ni texmf ndani ya folda yako ya nyumbani. Kama haipo, itengeneze. Ndani yake tengeneza bibtex, ndani ya bibtex tengeneza bst, faili likae humo. Halafu andika kpsewhich na jina la faili. Ikikaa kimya, bado halionekani. Ikikujibu njia nzima, umepona. Wenye MiKTeX, nyie mnasajili folda kwenye MiKTeX Console na kuburudisha orodha ya mafaili.

Baada ya hapo: latex, bibtex, latex, latex. Ndiyo, mara mbili mwishoni, ya kwanza inaingiza orodha, ya pili inaweka majina kwenye maandishi.

Alama zikafutika zote isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa ya mzee wa Masoko aliyemhoji kuhusu mambo ya matambiko. Kina Wilson wote wamo kwenye faili la .bib, mzee hamna! Hapo hakuna folda ya kuhamisha. Ilibidi afungue daftari lake, aandike jina la mzee, kijiji na tarehe ya mahojiano, kwa ruhusa aliyopewa. Akaandika.

Kwa hiyo wandugu, kabla ya kufuta kompyuta nzima, soma .blg, uliza kpsewhich. Na kabla ya kuprinti, hesabu waliokupa habari kwa mdomo, uone kama nao wamo. Aliyekwama aseme anatumia mfumo gani, tusaidiane.