Ufuta wa Kilosa

Umeme ulikatika mjini Kilosa mnamo saa tatu asubuhi, wakati dengu zimekwisha kuiva na blenda iliyoazimwa kwa jirani imekwisha kuoshwa. Binti aliyekuwa akiandaa alisimama kitambo mbele ya chombo kile kisichokuwa na faida tena, kisha akatoka uani kukifuata kinu cha mama yake. Kwa miaka minne alikuwa ameitengeneza hummus kila wiki katika nyumba ya watu Maskati, wala hakuwahi hata siku moja kuitengeneza kwa ajili ya mtu wa kwao. Sasa mama yake amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anamtazama. Yeye ndiye aliyeomba. Alikuwa amesema tu, jioni iliyotangulia: "Nipikie ulichokuwa ukiwapikia wao."

Kwa Kiarabu hummus ni dengu, basi. Chakula kinachojulikana kwa jina hilo duniani hivi leo huitwa kwa ukamilifu hummus bi tahina, yaani dengu kwa tahina, na tahina ni ufuta uliokaangwa ukasagwa mpaka ukawa rojo. Asili yake ni nchi za Sham: Syria, Lebanon, Palestina na jirani zake, na vitabu vya upishi vya Kiarabu vya karne ya 13 vimekwisha kueleza namna za kuziponda dengu na kuzitia viungo. Si chakula cha asili cha Oman, seuze cha Usagara.

Wenyewe wanakigombania. Januari 2010 wapishi wa Abu Ghosh, mji wa Waarabu ulio ndani ya Israel karibu na Jerusalem, walijaza sahani moja kwa kilo 4,090 ili kuivunja rekodi ya Lebanon. Mei mwaka huo huo Walebanon wakajibu kwa kilo 10,452, hesabu iliyochaguliwa kwa makusudi, kwa sababu nchi yao ina kilometa za mraba 10,452. Inachekesha, na ni afadhali watu washindane kwa sahani. Lakini Januari ile ile, Kilosa, mto Mkondoa ulikuwa umevunja kingo zake. Maelfu ya watu walikuwa wakilala katika mahema, na reli ya kati ilikuwa imeng'olewa na maji baina ya Kilosa na Gulwe. Reli mpya ya umeme, ambayo tangu 2024 inapita Kilosa kwenda Dodoma, imepandishwa milimani na kutobolewa mahandaki ili isikutane tena na mto ule. Watu hawakuwa na mahandaki. Katika mahema yale alikuwamo binti huyu na mama yake, na nyumba yao ya udongo ilikuwa imerudi kuwa udongo.

Nyumba haijengwi kwa subira peke yake. Mama alikopa kwa huyu na yule, akajenga vyumba viwili, na deni likakua kuliko ukuta. Ndipo mwaka 2015 binti alipokwenda Maskati kwa kazi za nyumbani, kama walivyokwenda wasichana wengi wa Bara na wa Visiwani, chini ya utaratibu wa kafala uliomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja. Pasi yake ilikaa katika kabati la bwana wa nyumba. Alfajiri alikuwa wa kwanza kuamka, usiku wa mwisho kulala, na chakula alikila jikoni kwa kusimama, baada ya wengine. Hakupigwa. Anapoulizwa habari za huko husema hilo kwanza, kana kwamba ni sifa ya kutajwa, na anayemsikiliza anajua kwamba kasimuliwa mengi kwa neno hilo moja.

Katika nyumba ile alikuwamo bibi mmoja, mama wa bwana, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka akiwa msichana baada ya 1964. Wanawe walizungumza Kiarabu. Yeye Kiswahili chake kilikuwa kimekaa ndani miaka yote kama nguo ya sanduku. Alipogundua kwamba mfanyakazi mpya anakisema, alihamishia kiti chake jikoni. "Njoo mwanangu nikufundishe hii, wanaipenda hawa," alimwambia, akamfundisha hummus, ambayo yeye naye aliijua ukubwani. Kisha kwa sauti ya chini akauliza kama huko kwao Kilosa wanajua kupika mbaazi za nazi. Binti alijua. Basi ikawa kila wanaume wakitoka kwenda sala ya Ijumaa, jikoni hupikwa sufuria ndogo ya mbaazi, ikaliwa na watu wawili, na ikaoshwa kabla hawajarudi. Bibi alikuwa na haki ya kula anachotaka katika nyumba ya mwanawe. Kwa nini alijificha, binti hakupata kumuuliza. Kwenye sufuria ile, na hapo tu, alikula akiwa amekaa.

Siku ya kwanza alipofungua chupa ya tahina ili kuimimina, harufu ilimrudisha nyuma hata akaiweka chini. Ilikuwa harufu ya uani kwao, mwezi wa Juni, mama anapopepeta ufuta na kukaanga konzi moja kwa kashata za watoto. Aliigeuza chupa, akaona picha ya mbegu. Kwa miaka yote mama yake alilima ufuta, akauvuna, akaukung'uta juu ya turubai, akamuuzia mnunuzi kwa kilo, na katika nyumba yao hakuna aliyejua kwamba ukisagwa sana unakuwa kitu kile. Sehemu kubwa ya ufuta wa Tanzania huondoka nchini ukiwa mbegu. China na Japani ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Binti alipiga hesabu ya chupa ile kwa fedha za kwao, akaona kwamba bei yake ingenunua kilo kadhaa za ufuta shambani kwa mama. Hakumwambia mama kwenye simu. Aliona ni kama kumkumbusha mtu kitu alichoibiwa.

Turudi uani. Dengu zilikuwa zimelowekwa usiku kucha pamoja na chembe ya magadi, kwa kuwa magadi hulegeza ganda na kuifanya punje ikubali moto. Zilikaa juu ya jiko la mkaa tangu alfajiri, kwa zaidi ya saa mbili, mpaka punje ikibanwa kwa vidole viwili haibishi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: huziipua zikiwa zimeiva kwa kuliwa, kumbe kwa kupondwa zinatakiwa ziive zaidi ya hapo. Aliziosha kwa maji, akazifikicha taratibu, maganda yakaelea, akayakusanya kwa kiganja na kuyamwagia kuku. Maji ya kuchemshia aliyaweka kando.

Ufuta ulitoka kwenye gunia la mama. Aliupepeta mara mbili kwa ungo, akatoa vijiwe, akaukaanga bila mafuta kwenye moto mdogo, akiusukasuka bila kupumzika. Ufuta una hila: dakika moja hauna dalili yoyote, dakika ya pili umeanza kurukaruka, na ya tatu umeungua na uchungu wake hautoki tena. Aliutoa ulipoanza kunukia tu. Ulikuwa ufuta wenye ganda lake, kwa hiyo rojo yake huwa nyeusi kidogo na kali kuliko ile ya chupani, ambayo ganda lake limeondolewa kabla ya kusagwa. Kinuni ulikuwa unga kwanza, unga mkavu unaoshika mchi, na kwa muda mrefu ukabaki hivyo. Mama alisema, "Huo hauwi kitu." Binti alizidi kutwanga. Kisha mafuta yakaanza kutoka, unga ukashikana, ukalainika, mwishowe ukawa unateremka wenyewe kutoka kwenye mchi. Mama akainuka kwenye mbuzi, akachovya kidole. Alikaa kimya.

Thomu na chumvi vilipondwa pembeni. Binti aliikamulia rojo ile ndimu mbili, na papo hapo ikaganda, ikawa madonge mazito kama udongo wa mfinyanzi. "Imekatika!" mama akashituka, kwa sauti ile ile ambayo mpishi wa pwani huitoa tui la nazi linapokatika jikoni na wageni wako barazani. Ni mshituko wa haki, maana tui lililokatika halirudi. Tahina hurudi. Aliongeza maji baridi ya mtungi, kijiko kwa kijiko, akikoroga, na madonge yakafunguka, yakawa laini, yakageuka rangi kuelekea weupe. Ndipo zikaingia dengu, zikapondwa humo humo pamoja na maji kidogo ya kuchemshia na bizari nyembamba. Mafuta ya zeituni hayakuwapo, akadondoshea juu mafuta ya alizeti. Kwa kinu haipati ule ulaini wa mashine. Inabaki na chembe ambazo ulimi unazihesabu, na si hasara.

Waliila kwa mihogo ya kuchemsha, juu ya mkeka, kutoka sahani moja. Mama alikula tonge mbili akiwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza. Kisha akatoa hukumu: "Hii ni mbaazi iliyonyimwa nazi." Na alipokwisha kucheka, akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza katika miaka minne ya simu: "Na wewe huko, walikuwa wakikupa?" Binti alisema, "Nilikuwa nikionja chumvi, mama." Mama akaisogeza sahani upande wa mwanawe, na mihogo iliyobaki akaisogeza pia.

Wazo la kuuza lilikuja baadaye, likalala mwaka 2020 dunia ilipojifungia na wageni kutoweka, likaamka tena wageni waliporudi Mikumi. Hifadhi ile, iliyoanzishwa 1964, iko katika barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, na katika nyumba za wageni zilizoizunguka wapo wasiokula nyama ambao mpishi huchoka kuwapikia maharage kila siku. Kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi si zaidi ya kilometa 80, na njiani mtu hupita mahali panapoitwa Ulaya. Jina limewafurahisha wasafiri wengi: huku ndiko unakoweza kufika Ulaya bila viza, ukarudi jioni na vumbi kichwani. Binti alipita hapo amepakata deli lenye barafu na ndani yake ndoo mbili ndogo, kwa sababu chakula hiki kikipata joto la mchana huchachuka kabla ya jioni, na vifundo vya barabara havihurumii kifuniko.

Ndoo moja ilikuwa ya dengu. Ya pili ilikuwa ya mbaazi, na hiyo ndiyo aliyoitegemea. Dengu za Tanzania zinalimwa zaidi kanda ya ziwa, Shinyanga, Mwanza na Simiyu, katika udongo mweusi wa mbuga ambako hupandwa mvua zikiishia na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Zinapofika duka la Kilosa zimekwisha kulipa nauli ndefu. Mbaazi ziko nyuma ya nyumba. Kituo cha utafiti cha Ilonga, mwendo mfupi kutoka mjini, kimefanya kazi ya mbegu za mbaazi kwa miaka mingi. Tena mama alikuwa na kisa chake na zao hilo: Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei huku ikaanguka vibaya, na wako wakulima walioziacha zikauke shambani. Mwaka ule mama alimwambia binti kwenye simu kwamba wanakula mbaazi asubuhi, na jioni wanazipasha moto.

Mpishi wa Mikumi alionja zote mbili. Ya mbaazi aliirudia mara ya pili, akasema ni tamu, ina harufu ya shamba. Kisha akasema hawezi kuinunua. "Dada yangu, mgeni akisoma hummus anajua anachokitaka. Hii si hummus." Alikuwa na haki, na binti alijua kuwa ana haki, kwani Bibi wa Maskati alikwisha kumwambia maana ya neno lile. Hummus ya mbaazi ni kama kusema dengu ya mbaazi. Angeweza kunyamaza, akazichanganya nusu kwa nusu, na hapana mgeni ambaye angegundua. Jirani mmoja alimpa shauri hilo hilo aliporudi. Alilikataa. Wiki iliyofuata alirudi Mikumi na ndoo ile ile, ameandika juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito: Mbaazi za ufuta. Mpishi alisoma, akacheka, akachukua ndoo moja kwa majaribio, na wiki iliyofuata mbili. Ya dengu huipeleka inapoagizwa, kwa bei yake.

Si biashara ya kumtajirisha mtu. Barafu ni ghali, na kuna wiki ambazo deli hurudi nusu.

Juni iliyofuata mnunuzi wa ufuta alikuja na mizani yake kama kila mwaka. Mama alikuwa ameyapanga magunia barazani, na kando yake debe moja lililofunikwa kwa ungo. Mnunuzi alipomaliza kuyahesabu magunia, akalinyoshea kidole debe.

"Na hilo, mama?"

"Hilo halimo."

"La mbegu?"

"La kula."

Mnunuzi alicheka. "Ufuta debe zima? Mtaumalizaje?" Mama hakumjibu. Aliusogeza mguu wa mizani mahali palipo sawa, akamwambia aanze kupima.