Lamu: Nilifuata upepo, nikafundishwa kubana stima

Msomaji mpenzi, ukitaka kuujua mji wa Lamu usibaki ufuoni. Ukishuka mashuani kutoka Mokowe saa saba za mchana, jua la utosi litakuchoma. Lakini ipite ngome, ingia kichochoro chochote kinachopanda kilimani, na kabla hujahesabu hatua ishirini utahisi jasho likianza kukauka.

Mji huu wa kale, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa turathi ya ulimwengu mwaka wa 2001, ulijengwa na watu wasiojua stima wala feni. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari zimebebwa na boriti za mikoko. Nyumba zimesongamana hivi kwamba jua hupata taabu kufika njiani. Ndani kuna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, ambapo hewa yenye joto hupata njia ya kupanda na kutoka.

Katika nyumba moja ya aina hiyo nilipokewa na mwalimu mstaafu. Tulipokuwa tukinywa kahawa nilimlalamikia kwamba kwetu Nairobi tokeni huyeyuka kama chumvi mvuani, na kwamba kila jioni huwagombeza watoto kwa kuacha taa zikiwaka.

"Umepima, mwanangu?" akaniuliza.

Sikuwa nimepima.

Akanionyesha plagi nyeupe iliyochomekwa kati ya soketi na waya wa runinga. Ni miongoni mwa vile vifaa ambavyo wauzaji huviita "janja". Huunganishwa na simu kwa intaneti ya nyumbani, kisha huonyesha umeme unaotumika, na huweza kuzima na kuwasha kwa saa unayoipanga. Mwanawe aliye Mombasa ndiye aliyemletea.

"Hiki ni karani tu," alisema. "Karani huandika matumizi. Kubana ni kazi ya mwenye nyumba."

Hebu tupige hesabu pamoja, msomaji. Uniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Runinga na king'amuzi chake vikiachwa vimelala bila kuchomolewa, tuseme vinavuta wati 10 kwa jumla, humaliza takriban uniti 7 kwa mwezi bila mtu kutazama chochote. Hapo plagi ya kujizima usiku ina faida. Lakini taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa nne kila jioni hula kama uniti moja tu kwa mwezi. Plagi yenyewe, iwapo inavuta wati moja mchana na usiku, hula karibu robo tatu ya uniti. Kuichomekea taa kama hiyo ni kumwajiri mlinzi wa kulinda yai moja, naye ale karibu yai zima.

Fikiria pia kipoza-hewa. Kikivuta wati 1,000 mfululizo kwa saa nane, uniti 8 zimekwenda. Feni ya wati 60 kwa muda huo haifikishi nusu uniti. Ukuta mnene na dirisha lililo wazi havidai chochote.

Wakazi wa Lamu wana sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Huko Kwasasi kulipangwa kujengwa kiwanda cha kuzalisha megawati 1,050 za umeme kwa makaa ya mawe. Baada ya upinzani mkali wa wakazi na watetezi wa mazingira, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni yake Juni 2019. Hapa watu wanafahamu kwamba stima ina chimbuko, na kwamba chimbuko hilo laweza kuwa mlangoni pa mtu.

Nilirudi Nairobi na karani mmoja mfukoni. Usiichomekee shawa ya stima plagi kama hii, msomaji, kwani nyingi hazistahimili zaidi ya wati 3,000, na nyaya zaweza kushika moto. Shawa yetu imeandikwa wati 5,000. Kwa hiyo niliizima jokofu na kila kitu kingine, nikasoma mita kabla ya kuoga na baada ya kuoga. Dakika 12 za maji yangu moto zilikuwa zimekula uniti nzima. Kwa uniti hiyo, taa ya sebuleni ingewaka usiku na mchana kwa siku nne na zaidi.

Siku hizi naoga kwa dakika nne. Plagi inazima runinga na king'amuzi saa nne za usiku, na alasiri tunafungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Tokeni hazijaacha kuisha, lakini sasa twajua zinakokwenda.

Ukienda Lamu, keti barazani mchana, uegemee ukuta wa matumbawe usikie ubaridi wake. Ukirejea kwako, anza kwa kupima, kisha ndipo ununue kifaa. Na kama uliwahi kuwagombeza watoto bure, waite uwaambie ukweli. Mimi niliwaita. Kifungua mimba wetu alicheka, kisha akaenda kuzima taa ya ukumbini bila kuambiwa.