Tundu Halizibwi Mpaka Ulipanue Kwanza

Wasee, leo sina stori ya mapenzi wala ya siasa. Leo tunaongea matundu. Matundu ya skrubu, kwenye boti. Najua kidole kishaanza kuteleza kwenda vidio ya mtu anayecheza densi, lakini nipe dakika tano. Kama umewahi kupanda boti Watamu au Malindi, ukakaa ukingoni, ukapiga selfi miguu ikining'inia nje, basi hii inakuhusu kuliko unavyodhani.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kuziba tundu siyo kulificha. Na sisi kizazi cha filta tumezoea kuficha mpaka tunadhani ndiyo kuziba kwenyewe.

Haya, twende pole pole.

Mimi ni wa Matsangoni. Ukitoka Kilifi kwenda Malindi na matatu unatupita hapo, na kama si mwenyeji hata hutashtuka. Lakini ukishika njia ya kuteremka baharini unafika Uyombo, karibu na pale maji ya Mida yanapokutana na bahari kubwa. Huko ndiko mjomba wangu anakoweka boti yake. Siyo mtumbwi, siyo dau. Boti ya faiba, futi 23, na ni kuukuu. Maisha yake ya kwanza ilibeba wageni wa kuvua samaki wakubwa kwa fimbo. Mwenyewe alipoiuza alichomoa kila kitu cha maana: viti, taa, ngazi, vishikio vya fimbo, hata ile mashine ya kuonyesha samaki wako wapi. Alibeba vyote, akatuachia matundu. Niliyahesabu: 41.

Kusi ya mwaka jana ilipoanza kuvuma, boti tukaipandisha juu kwa maji ya bamvua, ikalala chini ya mkoko. Ndipo akaja dalali. Ana mteja anayetafuta boti ya kupeleka watalii kuangalia pomboo. Akaizunguka mara mbili, akapiga hesabu, akasema hivi: "Mzee, hapa ni kazi ndogo. Jaza silikoni kwenye hivi vijitundu, piga rangi nyeupe, huyu kijana wako akupigie vidio kali. Wiki mbili nimekuuzia."

Huyo kijana ni mimi. Vidio kali ndiyo kazi yangu. Na mjomba alihitaji hiyo pesa vibaya sana, kwa sababu binamu yangu alikuwa anatakiwa kuripoti shule ya bweni na karo ilikuwa haijulikani itatoka wapi. Kwa hivyo usinione najifanya mtakatifu hapa. Presha ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ndani ya nyumba yetu.

Lakini kwanza uelewe tundu ni nini kwenye faiba.

Faiba siyo plastiki tupu. Ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini, safu juu ya safu, zikiganda zinakuwa ngumu kama gamba. Boti za namna hii zilianza kutengenezwa Marekani miaka ya 1940, na sifa yake kubwa ni moja: faiba yenyewe haiozi kama mbao. Sasa kuna siri ambayo watu wengi hawaijui. Zile sehemu zinazobeba uzito, kama sakafu na ule ubao wa nyuma unaoshika injini, mara nyingi katikati zina mbao. Fikiria sandwichi: faiba, mbao, faiba. Skrubu inapoingia inatoboa ngozi ya juu na kuuma ile mbao. Ukiichomoa ukaondoka, umeacha mlango wazi. Maji yanaingia kidogo kidogo, na hayana pa kutokea. Mbao inaoza gizani huku nje boti inang'aa kama sahani.

Na pale nyuma panapooza ndipo inaponing'inia injini ya nguvu farasi 40, uzito wake kama mtu mzima, ikisukuma na kutikisa siku nzima. Ule ubao ukiachia mkiwa katikati ya mkondo na wageni kumi, sitaki kukumalizia hiyo picha.

Unajuaje kama kumeoza? Huhitaji mashine. Chukua mpini wa bisibisi ugonge. Palipo pazima panalia ko, ko, ko. Palipooza panalia bu, bu, kama embe lililoiva kupita kiasi. Nikamwambia mjomba vidio nitapiga, lakini siyo kabla hatujafungua huku nyuma.

"Na wewe mjomba umeanza lini kujua boti?" akaniuliza. Kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba.

"Sijui boti. Gonga mwenyewe usikie."

Akagonga. Ko, ko. Akasogea. Bu. Akagonga tena, pole pole, kama anabisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Bu. Akachukua waya akauingiza kwenye tundu moja, ukatoka na maji ya rangi ya chai na chengachenga za mbao. Hakusema kitu. Alivaa tu ndara zake, akaenda kumwita fundi.

Fundi wetu ni mzee aliyeanza na vyombo vya mbao, akasoma faiba ukubwani. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Kidonda hakifungwi na usaha ndani." Halafu akachukua drili, na badala ya kuziba matundu, akaanza kuyapanua.

Hapo ndipo dalali alipochoka. Yaani unaziba tundu kwa kulifanya kubwa zaidi? Ndiyo. Na ndiyo siri yote ya hii kazi.

Acha nikueleze hatua zenyewe, labda na kwenu kuna boti imelala.

Moja, unapanua tundu mpaka ufike mahali pazima. Mbao laini yote inatoka. Kama ni faiba tupu bila mbao ndani, unapanua mdomo tu, uwe kama sahani ndogo, ili dawa ipate mahali pa kushika. Ukijaza tundu jembamba lenye kuta laini, kesho kile kizibo kinaruka kama kifuniko cha soda.

Mbili, unasafisha. Chumvi, mafuta, na hasa silikoni ya zamani. Silikoni ni adui kwa sababu hakuna kinachoshika juu yake, si rangi wala resini. Kwa hivyo dalali anapokwambia jaza silikoni, hakuuzii suluhisho. Anamwachia fundi anayekuja kazi mara mbili. Na pati ya magari isikudanganye. Ile ya kawaida inafyonza maji, imetengenezewa gari, haikutengenezewa kukaa baharini.

Tatu, unasubiri ikauke. Hapa vijana ndipo tunaposhindwa. Tulisubiri siku tisa, na mvua ya kusi ilikuwa inatuchezea shere, leo jua, kesho turubai.

Nne, epoksi. Ni ghali kuliko resini ya kawaida, lakini inang'ata mbao vizuri zaidi na maji hayaipenyi kirahisi. Kwanza unapaka nyepesi ili mbao inywe, halafu unachanganya na unga wake mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, unajaza kuanzia chini kwa sirinji ili hewa isibaki ndani. Kama tundu limetokea upande wa pili, unabandika tepu nyuma kwanza. Changanya kidogo kidogo. Kwa joto letu la Pwani, ukijaza kikombe kizima kinachemka chenyewe mpaka kinatoa moshi. Na fanya alasiri, joto linaposhuka. Asubuhi jua linapopanda hewa iliyo ndani ya mbao inatanuka, inatoka kama mapovu, inaharibu kila kitu. Hiyo fundi alinifunza na sijawahi kuisikia kwenye vidio yoyote.

Tano, ikiganda unaiosha kwa maji, maana inaweza kutoa utelezi kama nta, ndipo unapiga msasa na kupaka rangi. Vaa glavu, vaa barakoa. Vumbi la faiba ni kioo, na mapafu hayana vipuri.

Matundu 34 kati ya 41 tuliyamaliza hivyo. Saba ya nyuma hayakuwa tena matundu, yalikuwa dalili. Ilibidi tukate faiba ya ndani, tukatoa ubao mzima uliooza kwa mikono, kama kuchota majani ya chai. Tukaweka plaiwudi ya kuhimili maji, tukaifunika upya kwa safu za nyuzi na resini. Wiki mbili za dalali zikawa karibu miezi miwili. Mteja hakusubiri, alinunua boti nyingine mahali pengine. Inang'aa, nimeiona. Sijui ndani ikoje, na sina ruhusa ya kuigonga.

Karo? Binamu aliripoti kwa kuchelewa, na nusu. Mjomba aliuza mbuzi, mimi nikatoa ya simu niliyokuwa nimeweka, nusu nyingine ikalipwa kwa samaki kaskazi ilipoingia na bahari ikatulia. Kuna siku mezani mjomba alinirushia neno: "Vidio moja tu ingemaliza haya yote." Sikumjibu. Ana haki ya kuhesabu alichopoteza, kwa sababu alichoepuka hakina risiti. Ndiyo shida ya kazi nzuri ya kuziba: ikifaulu, hakuna kinachotokea. Hakuna anayepigia makofi injini iliyobaki mahali pake.

Sasa nirudi kwetu sisi wa mtandaoni. Tunapenda sana zile vidio za kabla na baada. Kabla: boti mbovu. Muziki. Baada: boti inang'aa. Laiki elfu kumi. Katikati hakuna. Lakini kazi yote iko katikati, pale inapoonekana mbaya kuliko ilivyoanza, pale mpita njia anaposema "hawa wameharibu". Mimi nilipiga vidio ya katikati. Matundu yaliyopanuliwa, maji ya chai, siku tisa za turubai. Haikuenda popote, tuambiane ukweli. Lakini wavuvi wawili wa huku huku walinitafuta, mmoja akaja na bisibisi mkononi, akataka aonyeshwe pa kugonga.

Na msiseme haya ni mambo ya kizungu ya faiba. Watu wa pwani hii wamekuwa wakishughulika na matundu tangu zamani. Mtepe, kile chombo cha mababu cha visiwa vya Lamu, mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigwa misumari. Kushona ni kutoboa, kwa hivyo kila mshono ulikuwa tundu la kuzibwa. Chombo kizima kilielea kwa sababu kuna mtu alikaa akaziba tundu moja moja bila kuruka hata moja. Halafu kukaja misumari, na mafundi wa kalafati wakawa wanasindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio, kila msimu, tena na tena. Na juzi tu, mwaka 2018, hapo hapo Lamu, mafundi walizindua Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara kuukuu. Mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, kama kilomita 500. Mbao, faiba, plastiki: chombo kinabadilika, bahari haibadiliki. Inatafuta tundu lile lile ulilodhani hakuna aliyeliona.

Tunapenda kuandika "usipoziba ufa utajenga ukuta". Sawa, kwa nyumba ni kweli. Kwenye boti huna hata nafasi ya kujenga ukuta, utaogelea. Na kuna ule mwingine wa "funika kombe mwanaharamu apite". Wakati mwingine unafaa, kwa mambo ya fedheha za watu. Lakini anayepita juu ya ubao uliofunikwa kwa silikoni siyo mwanaharamu. Ni mtoto wa mtu, amelipa nauli, amevaa miwani ya jua, anataka kuona pomboo.

Kwa hivyo mkija huku likizo, karibuni sana, bahari ni yenu. Ila kabla ya kupanda, vaa jaketi la kuokolea, na pita nyuma pale kwenye injini uangalie. Ukiona vijidoa vyeupe laini laini vinavyobonyea kwa kidole, hiyo ni silikoni. Muulize nahodha kwa heshima: "Kepteni, hapa palifunguliwa, au palipakwa tu?" Nahodha aliyepafungua hatakasirika. Atakusimulia mpaka uchoke, kama mimi leo.

Na wewe, kwenu mmefunika nini kwa silikoni? Niandikie hapo chini. Siyo lazima iwe boti.