Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo

Punda ni mnyama mstahimilivu. Hubeba mawe, mchanga na saruji katika vichochoro vya mji wa Lamu, ambako njia nyingi ni nyembamba hata gari haliwezi kupita. Akichoka hanung'uniki, na akiumwa hapigi kelele. Ustahimilivu huo ndio sifa yake. Tena ndio hatari yake, kwa kuwa mwenye punda aweza kudhani mnyama wake ni mzima, kumbe yu karibu kufa. Habari hii ni ya mtoto mmoja wa Lamu aliyejifunza kuutambua ugonjwa ulio kimya.

Mtoto huyo alikaa na babu yake, mchukuzi wa mizigo. Hapo kwanza mzee alikuwa na punda wawili. Jioni moja punda dume alikisusa chakula chake. Mzee akanena, "Haraka haraka haina baraka. Na tungoje kupambazuke." Kulipopambazuka punda alikuwa amelala ubavu, amekufa. Mzee hakusema neno. Alilichukua shogi la yule punda akalitundika ukutani, likakaa hapo mwaka mzima. Akabaki na punda jike mmoja, naye ndiye aliyewapatia chakula, na sare za shule, na mafuta ya taa.

Asubuhi moja mtoto alikwenda bandani na pumba kama desturi yake. Siku zote punda alipozisikia hatua zake alilia kwa sauti kuu, hata majirani wakaamka. Siku hiyo alikuwa kimya. Alisimama pembeni, kichwa chini, masikio yamelegea. Alipowekewa pumba alitia midomo ndani, akaitikisa kana kwamba anakula, lakini pumba haikupungua. Mtoto akatazama sakafuni. Mavi ya usiku yalikuwa machache, tena madogo na makavu.

Akamwendea babu yake. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, punda hataki kula."

Mzee akamtazama yule punda, akasema, "Huenda amechoka tu. Fundi anangoja mchanga wake tangu jana. Mfunge shogi, akitembea, tumbo litafunguka. Mnyama mwenye msokoto wa tumbo hugaragara chini, na huyu amesimama kwa miguu yake yote minne."

Mtoto hakubishana na mkubwa wake, maana hakulelewa hivyo. Akaomba tu, "Babu, nipe ruhusa nimtazame kwanza, kisha nitamfunga."

Akaazima saa ya babu yake. Akautafuta kwa vidole mshipa upitao chini ya taya, akahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yalikuwa 68. Naye alikuwa amefundishwa ya kuwa punda mzima aliyepumzika, moyo wake hupiga mara 36 hadi 52 kwa dakika. Kisha akainua mdomo wa juu na kuutazama ufizi. Haukuwa na rangi ya waridi, bali ulikuwa mwekundu wa kuiva, tena mkavu. Akaubonyeza kwa kidole hata ukageuka mweupe, akaondoa kidole na kuhesabu polepole. Ufizi wa mnyama mzima hurudi rangi yake katika muda wa sekunde 2. Huu ulirudi alipofika 4.

"Babu," akasema, "yule wa mwaka jana naye alianza hivi hivi."

Mzee aliinua macho, akalitazama shogi lililotundikwa ukutani. Alikaa kimya kitambo. Mwisho akasema, "Nenda mbio kamwite tabibu wa wanyama. Mchanga wa fundi si roho."

Mjini Lamu habari za tabibu wa punda si ngeni. Mwaka 1987 shirika moja la Uingereza, The Donkey Sanctuary, lilianzisha huko hospitali ya punda, na wachukuzi wakapata mahali pa kupeleka wanyama wao. Basi mtoto alijua njia, wala hakukawia.

Tabibu alipofika alimkuta jirani mmoja ameshika chupa ya mafuta ya nazi, ataka kumnywesha punda kwa nguvu. Akamzuia kwa upole, akamweleza ya kuwa kitu kimiminwacho kinywani kwa nguvu huweza kushuka mapafuni, na mnyama aliyeumwa tumbo akafa kwa kifua. Akasikiliza tumbo kwa chombo chake. Ngurumo za kawaida zilikuwa hafifu mno. Akampiga sindano ya kutuliza maumivu, kisha akapitisha mpira mwembamba puani hata tumboni, akamimina maji na dawa ya kulainisha.

Alipokuwa akinawa mikono mzee alimwuliza, "Bwana tabibu, mbona hakugaragara?"

Tabibu akajibu, "Farasi, hata yule mdogo, akiumwa tumbo huonyesha. Hupara ardhi kwa kwato, hujitazama ubavuni, hutoka jasho na kugaragara. Punda huficha. Punda aliyesimama kimya bila kula aweza kuwa mgonjwa sawa na farasi anayegaragara. Tena wote wawili hawawezi kutapika. Kilichoingia hakina budi kupita chote njia ya nyuma, na kikikwama hapana mlango mwingine."

Akaongeza neno jingine. Farasi mdogo au punda akikaa bila kula, mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta yake wenyewe. Mafuta hayo huingia katika damu kwa wingi, yakadhuru ini na figo; na hapo mnyama hupoteza kabisa hamu ya kula, ugonjwa ukazidi kuzaa ugonjwa. Walio wanene na wenye mimba ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo kususa chakula si jambo la kungoja hata kesho.

Siku ya pili punda alitoa mavi, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mfuko wa plastiki vilivyosokotana kama kamba. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu mwaka 2017, lakini takataka za zamani hazikuondoka zote, na punda mwenye njaa hutafuta chakula jaani. Siku ya nne alilia tena kwa sauti kuu alfajiri, na majirani wakaamka. Safari hii hapana aliyekasirika. Fundi alikuwa amekwisha kumwajiri mchukuzi mwingine, na mzee alipoteza ujira wa siku hizo zote. Hata hivyo hakusikitika. Alilishusha shogi la ukutani, akalipangusa vumbi na kushona palipochanika.

"Wazee walituachia methali mbili," alimwambia mjukuu wake. "Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka jana nilichagua ile iliyonipa usingizi."

Mwenye kufuga farasi au punda yampasa kumjua mnyama wake akiwa mzima, apate kumtambua akiwa mgonjwa. Ajue jinsi alavyo, asimamavyo na kupumua. Moyo wa farasi mkubwa aliyepumzika hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika; ukipita 60 asikawie. Amwite tabibu mara moja mnyama akisusa chakula, akigaragara na kutoka jasho, asipotoa mavi, ufizi wake ukiwa mwekundu wa kuiva, wa samawati au mweupe. Kadhalika akihema kwa shida naye hakufanya kazi, akishindwa kusimama, asipoweza kukanyagia mguu mmoja, akiumia jicho, au damu ikimtoka bila kukoma. Wakati wa kumngoja tabibu, amwondolee chakula, amweke kivulini penye maji safi, wala asimnyweshe dawa ya kubahatisha.

Mnyama hana ulimi wa kusema, "Naumwa." Ulimi wake ni macho ya yule amtunzaye, na macho hayo yakichelewa kuona, ulimi huo umechelewa kusema.