Binti yangu alitaka uuguzi, mimi nikamfungia mlango

Ndugu wazazi, siandiki haya kwa kujitia mwalimu wa watu. Naandika kwa sababu nilikosea ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na sipendi mzazi mwenzangu ajikwae pale pale nilipojikwaa mimi.

Binti yangu wa kwanza, Zuhura, alipoingia Kidato cha Tatu mwaka 2018, alitakiwa achague mchepuo. Biolojia na Hisabati zilikuwa za lazima kwa wote, ila Fizikia na Kemia zilikuwa za hiari. Tangu bibi yake alipolazwa, mtoto huyu alikuwa na neno moja tu: atakuwa muuguzi. Nami nikamwambia, "Mwanangu, kazi ya hospitali ina zamu za usiku na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Soma biashara, uje unisaidie dukani." Hakunibishia. Aliyaacha masomo yale mawili.

Matokeo yake ya Kidato cha Nne yalikuwa mema, tena yakiwa na A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu iliyotufurahisha nyumba nzima. Siku chache baadaye alinijia na mwongozo wa udahili wa vyuo vya afya, akanionesha kwa kidole mahali palipoandikwa sifa za kujiunga na stashahada ya uuguzi na ukunga: ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia. A yake ya dini haikuingia katika hesabu ile, na Kemia na Fizikia hakuwa nazo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, ulikuwa unajua?" Sikuwa najua. Wala sikuwa nimeuliza.

Mwaka uliofuata mke wangu alijifungua mtoto wetu wa mwisho hapa Tanga. Usiku ule nilizunguka wodini nikiuliza kama katika zamu ile yumo mkunga wa kike, nikisisitiza kwamba sitaki mke wangu ahudumiwe na mwanamume. Alikuwamo mmoja tu, amechoka, anakimbia kutoka kitanda hiki hadi kile. Alituhudumia kwa upole, Allah amlipe kheri. Tuliporudi nyumbani Mama Zuhura aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Yule uliyekuwa ukimtafuta ni binti wa mtu. Kama baba yake angesema ulivyosema wewe, ungempata wapi?"

Nilinyamaza. Baadaye nikamweleza imamu wetu jambo hili. Akanikumbusha kwamba Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulumiddin kuwa elimu ya tiba ni fardhi kifaya. Akawalaumu watu wa zama zake waliokimbilia wote fani moja ya fiqhi, huku miji mingi ikikosa tabibu Mwislamu. Akanikumbusha pia habari za Rufaida wa kabila la Aslam, aliyewauguza majeruhi katika hema lake zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Basi nikajua kwamba haya niliyoyaita kuilinda dini yalikuwa ujinga wangu tu wa kutoijua njia.

Mdogo wake Zuhura, Mwanaidi, alipofika Kidato cha Tatu mwaka 2021, sikumwachia mlango ufungwe tena. Alichukua Fizikia, Kemia na Biolojia. Nikampeleka kuzungumza na watumishi wa hospitali, na huko ndiko tulikojua kwamba afya si udaktari na uuguzi peke yake. Kuna utabibu wa meno, fiziotherapia, upimaji wa macho, maabara, famasia, utengenezaji wa viungo bandia na ufundi wa vifaa tiba. Mwanaidi akapenda meno. Alipomaliza Kidato cha Nne mwaka 2022 sifa zilitosha, na maombi yakapita katika mfumo wa udahili wa NACTVET.

Likabaki suala la ada. Mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika kozi chache zilizopewa kipaumbele, na utabibu wa meno ulikuwamo. Lakini mimi nilikuwa nimeapa kutogusa mkopo ule, kwa sababu ya ile asilimia 6 ya kila mwaka iliyoitwa tozo ya kulinda thamani. Nilipomweleza imamu, hakunijibu ndiyo wala hapana. Aliniambia, "Hukumu haitolewi juu ya tetesi. Ulete mkataba tuusome." Tulipoufuatilia tukakuta tozo ile ilikwisha kuondolewa mwaka 2021, baada ya tamko la Rais Samia katika sherehe za Mei Mosi. Deni lenyewe mwajiriwa hulirejesha kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Imamu akausoma mkataba mpaka mwisho, ndipo akanipa jibu la kunituliza. Nawe usichukue jibu langu. Chukua karatasi yako umpelekee mwanachuoni unayemwamini. Kosa ni kumnyima mtoto fursa kwa habari iliyopitwa na wakati.

Nawausia mambo matatu. Kwanza, kaeni na mtoto kabla hajachagua masomo, mkiwa na mwongozo wa udahili mkononi. Unapatikana katika tovuti ya NACTVET, nao unaonesha sifa za kila kozi na vyuo vilivyosajiliwa. Pili, andaeni nyaraka mapema. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na kwa Zanzibar na wakala wa usajili wa huko. Jina la Mwanaidi lilitofautiana herufi moja na la cheti cha shule, tukahangaika wiki tatu. Yatima naye huhitaji cheti cha kifo cha mzazi, na fomu hutiwa saini na serikali ya mtaa, mdhamini na wakili. Tatu, anayeendelea na Kidato cha Sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia ajue kwamba upo Ufadhili wa Samia kwa waliofaulu sana sayansi, na kwa Wazanzibari ipo bodi yao ya mikopo.

Mwanaidi sasa yuko mwaka wa tatu. Fomu zake zote alizijaza dada yake, Zuhura, usiku, baada ya kufunga duka, bila kunung'unika. Siku tuliyomsindikiza chuoni nilimwomba Zuhura msamaha mbele ya mama yake. Akasema, "Nimekusamehe, Baba. Lakini bado nataka uuguzi."

Mwaka huu amejisajili mtahiniwa wa kujitegemea kwa Fizikia na Kemia. Jioni duka nalifunga mimi, yeye anakwenda masomoni. Nawaomba mumwombee dua.

Wabillahi tawfiq.